Kurasa Kumi na Sita

Siku nne mfululizo Nyemo aliacha uji nusu kikombe. Siku ya tano mama yake alimshika mkono akampeleka maktaba.

Pale Kivulini mtoto akiacha chakula hapelekwi kwanza zahanati. Zahanati wana dawa za minyoo na sindano za homa, na Nyemo hakuwa na minyoo wala homa. Alikuwa na miaka kumi na mbili na miezi kumi na moja, na alikuwa ameanza kulala. Watu wa mji ule hawakuutafutia ugonjwa huo jina jingine. Mtoto anaanza kwa kuacha uji, anaacha kucheza, anageukia ukuta, na mwezi wa pili haumalizi. Hana kinachomuuma. Ukimuuliza anakwambia amechoka, na ukimuuliza amechoshwa na nini anakutazama tu, akikuonea huruma wewe uliyeuliza.

Mzee Mwaluko, mkutubi, alikuwa mezani na wembe wake aliposikia kandambili za Mama Nyemo kwenye sakafu. Aliusukuma wembe chini ya gazeti. Alikuwa mtu wa miaka sitini na mmoja, mrefu, miwani yake imefungwa kwa waya, na kwa miaka sita hakuwa amecheka kicheko cha kutoka tumboni. Utani alikuwa nao bado, maana watoto walikuwa wanautegemea.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, Mama Nyemo. Karibuni. Na wewe mjukuu wangu, huna salamu?”

“Shikamoo, babu,” alisema Nyemo.

“Marahaba. Kumbe sauti ipo. Nilidhani umeiacha nyumbani pamoja na uji.”

Mtoto alitabasamu kidogo, kwa adabu tu. Mama yake hakutabasamu. Alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa mara ya pili, akaweka mikono yake mezani. Mikono ilikuwa na malengelenge ya wafuta vioo, wale wanaotoka nje ya mji alfajiri, jua kabla halijashika, kwenda kufuta vumbi kwenye vioo vinavyoupa mji umeme. Saa moja na nusu lazima wawe wamerudi chini ya paa. Atakayechelewa hadi saa nne, hata kama ni mwanamume wa nguvu, jua linammaliza.

“Zamu yake ni Alhamisi ya wiki ijayo,” alisema Mama Nyemo. “Akitimiza kumi na tatu ndipo unamchagulia kitabu. Najua utaratibu. Lakini Mzee wangu, Alhamisi ni mbali.”

“Vipuli vyake vinasemaje?”

“Vinasema mbili. Juzi vilisema tatu.”

Mwaluko alimwinamia mtoto akavitazama vile vipuli viwili vidogo vya shaba masikioni mwake, kana kwamba macho yake yangeweza kuona zaidi ya mashine. Kisha akamuuliza swali analowauliza wote, maana huwezi kumchagulia mtu kitabu bila kumuuliza.

“Unataka kitabu cha namna gani?”

Nyemo alifikiri. “Si kama vya rafu ya chini. Nimevisoma ulivyompa jirani yetu Mbeleje na kaka yake. Watu wanaunda chombo miezi saba, wanabishana, wanapanda, halafu ukigeuza ukurasa unakuta jina la mpiga chapa. Vinaishia njiani, babu, vyote. Kama mtu aliyekatwa kauli.”

“Pengine waandishi walichoka.”

“Wote?”

Mzee alikohoa. “Basi niambie unachotaka, si usichotaka.”

“Chenye mahali,” alisema Nyemo. “Mahali ambapo mtu anaweza kwenda.”

Mwaluko aliandika jibu hilo kwenye daftari. Katika miaka aliyofanya kazi hiyo watoto saba walikuwa wamempa jibu la namna hiyo. Wa kwanza alikuwa binti yake mwenyewe.

Mama Nyemo alimtuma mtoto akatazame picha ukutani. Alipoona amefika mbali alisema kwa sauti ya chini, “Mpe kizito, Mzee. Kile cha juu kabisa.”

“Unajua vizito vinafanya nini.”

“Najua. Na kulala kunafanya nini najua pia, maana kaka yake nimemzika. Siku arobaini nilimlisha kwa kijiko, akawa anatema. Huyu akitaka kuondoka, heri aondoke kwa miguu yake.”

“Usiseme hivyo, mwanangu.”

“Nimesema,” alijibu, na akafuta macho kwa upindo wa khanga kabla mtoto hajarudi.

*

Habari ya vitabu na uzito wake ilikuwa hivi. Miaka ishirini baada ya mji kufunikwa kwa paa kuuepusha na jua, na redio ya stesheni, iliyoleta habari za nje, imekwisha kuwa kimya kwa miaka kumi na tisa, watoto walianza kulala. Walijaribiwa kwa nyimbo, mpira, hata kwa viboko. Walisomewa visa vya wafalme na riwaya za mapenzi. Waliamka siku mbili wakalala tena. Kitu kimoja tu kiliwainua, nacho ni zile hadithi za kubuni za kisayansi zilizookotwa kwenye maboksi ya shule zilizohamwa: miji ya angani, watu wanaoishi chini ya maji, mashine za kurudisha mvua. Mtoto akisoma hadithi ya mahali pasipokuwapo bado, uji anaumaliza.

Baadhi yao walimaliza uji, wakajaza chupa ya maji, wakajichanganya na wafuta vioo alfajiri, wakaondoka. Walifuata reli ya zamani kuelekea magharibi kutafuta walichokisoma. Katika miaka tisa walitoka watoto thelathini. Wote thelathini waliletwa na trola, kigari cha reli, wamefunikwa shuka.

Ndipo fundi mmoja wa zahanati akatengeneza vipuli. Vinasikiliza mapigo ya moyo, joto la ngozi na jinsi pumzi inavyobanwa mtu anaposoma, vinaonyesha namba ya siku kwa maandishi madogo, tena vinapeleka habari kwenye sanduku lililoko maktaba ambalo watu waliliita mizani, na mizani inachora mstari, ukurasa kwa ukurasa. Kitabu kisichomfanya mtoto apepese jicho ni cha moja. Cha tisa hakuna aliyewahi kukipata. Chini ya nne hakimwinui mtoto aliyekwisha kulala. Zaidi ya tano kinamtoa nje. Mkutubi alikuwa mpimaji wa dawa, na dawa yenyewe ilikuwa na tone moja tu kati ya kuponya na kuua.

Vitabu vya nne na tano vilikuwa vichache, na vingi vilikwisha somwa mpaka vikaishiwa nguvu. Kwa hiyo Mwaluko alivipogoa vizito, kama mtu anavyopunguza matawi. Alichukua kitabu cha sita au saba, akatazama mstari wa mizani unapopanda, akakata kurasa zile kwa wembe, akafunga mgongo kwa gundi. Kwa kuwa mstari hupanda zaidi mwishoni, alichokata karibu kila mara kilikuwa mwisho. Kazi hiyo aliifanya kwa mikono safi na moyo mzito, na aliamini, kwa dhati kabisa, kwamba anaokoa watoto.

Alasiri ile alikwenda kwa Bi Chiduo, katibu wa Baraza, mwanamke mpole aliyekuwa anashona kola ya sare alipokuwa anamsikiliza.

“Huyu mtoto hatainuka kwa tano,” alisema Mwaluko. “Naomba ruhusa ya sita.”

“Tano, Mzee. Tumewaokota thelathini na mmoja.”

“Na waliolala ni wangapi? Sabini?”

“Sabini na wanne.” Bi Chiduo alikata uzi kwa meno. “Lakini waliolala wanafia kitandani kwao, mama zao wako pembeni. Baraza linaona heri hiyo. Kama unacho cha saba, kipogoe mpaka kifike tano. Huo ndio ufundi wako.”

“Ninacho kimoja.”

Bi Chiduo aliinua macho. Alikijua kitabu hicho, na alijua ni cha nani. “Samahani,” alisema. “Sikukusudia kile.”

“Hakuna kingine,” alijibu Mwaluko, akaaga.

*

Kilikuwa juu ya kabati, kimefungwa kwenye kipande cha shuka. Kiliitwa Stesheni ya Mwisho Kabla ya Ziwa, na kilikuja katika boksi moja la vitabu miaka sita iliyopita. Sechelela, binti yake wa pekee, alikidaka kabla baba yake hajakiandikisha. Alikisoma siku mbili. Siku ya tatu, alfajiri ya mwezi wa Novemba, joto lilipokuwa limekomaa, alitoka na wafuta vioo.

Mwaluko mwenyewe ndiye aliyekwenda kumchukua. Walimkuta kwenye nguzo ya pili tu ya reli, kilomita mbili kutoka mlangoni, ameanguka kichwa kimeelekea mjini, chupa yake ina robo ya maji. Watu wa Baraza waliandika kwamba alikunywa kwa pupa, akapatwa na kizunguzungu, akazunguka. Mwaluko alitia sahihi. Lakini kwa miaka sita chupa ile ilimkosesha amani, maana mtu hanywi robo tatu ya chupa katika mwendo wa kilomita mbili.

Kitabu hakuwahi kukisoma. Alijaribu mara moja, akaona alama ya kidole chenye mafuta ukurasa wa kumi, akakifunga. Tangu hapo alikuwa mkutubi asiyesoma kitabu hadi mwisho. Alisoma mistari ya mizani, ambayo haina alama za vidole.

Mstari wa kitabu hiki ulikuwa mmoja tu duniani, wa moyo wa Sechelela. Mwaluko aliutoa kwenye mizani akautandaza mezani. Ulipanda taratibu, wa tano, wa tano, wa sita, halafu kuanzia ukurasa wa mia mbili na kumi na moja ulipaa ukafika karibu na nane, ukabaki huko hadi ukurasa wa mwisho, wa mia mbili ishirini na sita.

“Ni hapa palipomtoa,” alisema peke yake.

Alichukua wembe. Alizikata kurasa kumi na sita huku akitazama pembeni, jicho lake lisije likaokota hata neno moja. Alizitia katika bahasha, bahasha akaitia katika droo ya chini. Mizani ilipohesabu upya ilisema tano na nukta moja, na Mwaluko akaamua kwamba nukta moja ni yake na Mungu.

Hakungoja Alhamisi. Kesho yake asubuhi alikipeleka mwenyewe nyumbani kwao Nyemo.

*

Siku ya pili Nyemo aliumaliza uji. Siku ya nne aliomba wa pili. Siku ya sita Mama Nyemo alikuja maktaba na sahani ya ugali na mlenda, imefunikwa kwa sahani nyingine, akaiweka mezani asiseme neno, na Mwaluko naye hakusema, maana wote wawili waliogopa kwamba wakilisema litaondoka. Mtoto alikuwa anaimba akioga. Alikuwa amewachorea wenzake kwenye vumbi la uwanja mji wa chini ya ziwa, na njia ya reli inayokwenda huko, na binti wa kwenye kitabu, fundi wa pampu mwenye miaka kumi na minne, anayeifuata peke yake. Vipuli vilisema tano. Mwaluko alijiruhusu kitu ambacho hakuwa amekionja siku nyingi. Alifurahi.

Siku ya tisa, saa tisa alasiri, Nyemo alikuja peke yake, kitabu kimefungwa ndani ya kitenge.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, fundi wa pampu. Umekuja kunitengenezea bomba?”

“Nimekuja kuuliza.” Alikiweka mezani akakifungua mwishoni, pale ukurasa wa mia mbili na kumi unapoishia na binti amesimama juu ya tuta la reli, ametikisa chupa yake akasikiliza maji. “Hapa pamekatwa.”

Mwaluko alivua miwani akaifuta. “Kitabu kikikaa sana kinaachia.”

“Babu, kuna gundi. Ninainusa.”

Mzee aliirudisha miwani usoni.

“Sijaja kukusema vibaya,” aliendelea Nyemo. “Nataka kujua kitu kimoja tu, sitaki hata kuzisoma hizo kurasa zilizokatwa. Alirudi kwao?”

Droo ilikuwa karibu na goti lake la kulia. Angeweza kuifungua bila kuinuka. Lakini alifikiri juu ya mstari ule uliopaa, akafikiri kwamba ndani ya bahasha kuna ziwa na mji unaong'aa na milango iliyo wazi, na kwamba mtoto huyu akiuona atatoka kesho. Alikuwa na uhakika kabisa. Hakuna kosa zito kama lile mtu analolifanya akiwa na uhakika.

“Kitabu kinaishia hapo,” alisema.

Nyemo alimtazama kwa muda. Hakukasirika, uso wake ulitulia, kama wa mtu aliyepewa jibu zuri.

“Basi alifika,” alisema.

“Sijasema hivyo.”

“Hujasema. Lakini kama kule hakuna kitu, usingekuwa na haja ya kuficha.” Alikifunga kitabu kwenye kitenge. “Ahsante, babu.”

Jioni ile Mwaluko alikwenda kwenye mizani mara nne. Vipuli vya Nyemo vilisema tatu, mstari umenyooka, umetulia. Alishusha pumzi akaenda kulala mapema. Mizani hupima moyo unaohangaika tu, na moyo uliokwisha amua hauhangaiki. Hilo alilijua. Alikuwa amelisahau siku hiyo, kwa sababu alitaka kulisahau.

*

Mama Nyemo alikuwa wa kwanza kugundua, saa mbili kasoro, aliporudi kutoka kwenye vioo akakuta kitanda kimetandikwa na bakuli la uji limeoshwa.

Trola haitoki mchana. Injini yenyewe huchemka. Walisubiri mlangoni siku nzima, mama amekaa chini na miguu ameinyoosha, Mwaluko amesimama. Jua lilipogusa vilima, Chibago, dereva wa trola, aliwasha injini, na Mwaluko akapanda. Mama Nyemo alitaka kupanda naye. Wanawake wenzake walimshika.

Chibago alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini hadi nguzo ya tano hakufungua kinywa. Walitazama kulia na kushoto kwa taa. Kwa kawaida huwa wamekwisha kumpata hapo.

“Nguzo ya nane,” alisema Chibago. Baadaye, “Kumi na moja. Hajawahi kufika mtu huku, Mzee.”

“Endelea.”

“Wangu anatimiza kumi na tatu mwezi wa nane. Chiku. Ameanza kuacha uji.” Alisubiri. “Nakwambia tu.”

“Nimesikia.”

Walimkuta nguzo ya kumi na tisa, ameegemea nguzo yenyewe, miguu yake midogo imenyooka kuelekea magharibi. Ilikuwa Juni, mwezi wa jua la huruma kidogo, ndiyo maana alifika mbali vile. Chupa ilikuwa kavu mpaka kizibo. Kitabu kilikuwa kifuani, ndani ya kitenge. Mwaluko alimbeba mwenyewe, na njia nzima ya kurudi alimshikilia ili kichwa kisigonge pembe za trola.

Baada ya mazishi, saa nne asubuhi, alijifungia maktaba. Alifungua droo ya chini akatoa bahasha. Hakuwa na sababu tena ya kujihurumia.

Hapakuwa na mji wa ziwani ndani yake.

Binti wa kwenye kitabu alisimama juu ya tuta, akatikisa chupa, akasikia maji yamefika nusu. Alitazama magharibi, palipokuwa na kitu kinachong'aa, labda ziwa, labda joto tu. Akakumbuka alichofundishwa na mama yake, fundi wa pampu kabla yake: maji yakifika nusu, geuka, maana nusu ya pili ni ya kurudia. Akageuka. Kurasa kumi na nne zilizobaki zilikuwa za safari ya kurudi, nguzo kwa nguzo, hadi alipouona mlango wa kwao na mama yake amesimama nje akizihesabu nguzo. Alimwambia mama yake alichokiona, wakaanza, wote wawili, kutengeneza chupa kubwa zaidi.

Maneno ya chupa yalikuwa yamepigiwa mstari wa penseli, mara mbili. Mwandiko wa pembeni Mwaluko aliujua tangu ulipokuwa wa herufi kubwa na za kupinda. Sechelela alikuwa ameandika: Nitaona kisha nitarudi.

Mzee aliketi na karatasi ile mkononi. Nguzo ya pili. Kichwa kimeelekea mjini. Robo ya maji. Binti yake alikwenda mpaka nguzo ya sita au ya saba, akageuka kama alivyosoma, na alikuwa amebakiza kilomita mbili. Mahali moyo wake ulipoenda mbio kuliko kote ni pale mtu anapouona mlango wa kwao. Mizani ilisikia moyo unakwenda mbio. Haikujua unaelekea wapi. Na yeye, baba mtu, alichukua wembe akaikata njia ya kurudi, akampa mtoto wa mwenzake njia ya kwenda tu.

Alilia kwa sauti, mkutubi wa Kivulini, mpaka wapita njia wakasimama dirishani.

*

Mama Nyemo alikuja siku ya tatu, kitabu mkononi, nguo za msiba mwilini.

“Nimekisoma,” alisema. “Mimi si mwepesi wa kusoma, kimenichukua siku zote hizi. Nataka kujua, Mzee. Huyu binti alirudi?”

Lilikuwa swali lile lile, kwenye meza ile ile. Mwaluko aliitoa bahasha akamsogezea kwa mikono miwili.

Mama Nyemo alisoma akifuata mstari kwa kidole, midomo ikicheza. Alipofika penye penseli alirudia. Alisoma hadi mwisho, hakuruka kitu, na Mwaluko alisubiri akiwa amesimama, maana aliona si haki kuketi.

“Alikuuliza?” alisema mwishowe.

“Aliniuliza.”

“Ukamwambiaje?”

“Nilimwambia kitabu kinaishia pale.”

“Ulikuwa umezisoma hizi?”

“Hapana, mwanangu. Nimezisoma juzi.”

Mwaluko alitamani apigwe, atukanwe, lolote. Lakini mwanamke yule alizipanga kurasa vizuri, akazigonga mezani zilingane, akazitia mahali pake kitabuni.

“Nilikwambia heri aondoke kwa miguu yake,” alisema. “Tumemuua sisi wawili. Zibandike. Chibago ana mtoto.”

Alizibandika. Hakwenda kumuomba mtu ruhusa. Alitumia gundi bora aliyokuwa nayo, akakikandamiza kitabu kwa mawe mawili usiku kucha, na alipomaliza kilikuwa kizima tena, cha saba na zaidi, isipokuwa kwamba kurasa kumi na sita za mwisho zilijitokeza kidogo kuliko nyingine, na gundi iliacha mstari wa kahawia kwenye mgongo.

Chiku, binti wa Chibago, aliletwa mwezi wa nane. Alikuwa mwembamba, mwenye macho makubwa, na vipuli vyake vilisema mbili. Mwaluko alimketisha kwenye kiti cha karibu, akamwambia asomee pale pale, hakuna haraka. Mtoto alisoma siku nne. Siku ya tatu alikula andazi zima bila kuambiwa. Siku ya nne, mchana, alifika ukurasa wa mia mbili na kumi. Aliugeuza, akasita, akapitisha kidole kwenye mshono.

“Babu,” alisema, “huu mwisho umeubandika wewe?”

“Ndio mwisho wake, mjukuu wangu. Ulikuwamo tangu mwanzo. Mimi niliukata, nikaurudisha. Usome. Nakuomba usome.”

Chiku alisoma mistari michache, akaruka, akachungulia ukurasa wa mwisho, mahali mama anapozihesabu nguzo. Kisha alimtazama mzee kwa adabu, vile watoto wanavyomtazama mtu mzima anayewadanganya kwa nia njema. Alirudi ukurasa wa mia mbili na kumi, akalisoma lile tuta na ile chupa mara moja zaidi, akakifunga kitabu.

“Ahsante, babu,” alisema. “Hapa pananitosha.”